Jani la Mdanzi

"Jani limesema, wewe wangoja tunda." Ndivyo Bi Mwajabu alivyomjibu yule kijana aliyekuja kulia kwamba ametapeliwa na mtu aliyemwamini, nanyi mkacheka mkidhani anamtukana. Hakumtukana. Sogeeni basi, wekeni chini hayo machungwa, niwaeleze yalikotoka maneno hayo. Yalitoka huku huku kwetu Bonde, kwenye vilima vya nyuma ya Muheza, na yalitoka kinywani mwa mwanamke aliyekuwa na hasira.

Mwanamke huyo aliitwa Nakiete. Baba yake alikuwa fundi wa kubebesha miche katika shamba la mlowezi mmoja, na kwa kuwa Mungu hakumjalia mtoto wa kiume, ufundi wake wote aliumimina kwa binti huyo. Alimfundisha kuchukua jicho la mti mtamu na kulipachika kwenye shina la mti mwingine, akalifunga hata likashika. Lakini kabla ya kisu alimfundisha majani. Alikuwa akimfumba macho kwa kitambaa, anampa jani moja moja mkononi, na Nakiete anataja mti.

Kwa asiyejua, miti ya jamii ya mchungwa yote ni ndugu na sura zao ni moja. Ila ukilishika jani, utakuta juu ya kikonyo, kabla hujafika kwenye jani lenyewe, pana vibawa viwili. Vya mchungwa ni vyembamba, vimekaa kama pindo la nguo. Mchenza karibu hauna kabisa. Mbalungi vyake ni vipana, vinataka kulipanda jani. Na mdanzi vyake ni vipana pia, lakini vina umbo la moyo, tena jani lake ukilisugua kwa vidole linatoa harufu kali inayopanda hadi kwenye paji la uso. Danzi mnalijua wenyewe: kwa macho ni chungwa, ganda lake linakwaruza kidogo, na ukilitia mdomoni lina uchachu na uchungu kwa pamoja. Wanaolitafuta ni watu wa achari na watu wenye kikohozi, na hao hawajazi lori.

Nakiete aliolewa na Mbelwa. Mbelwa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mchapa kazi, hanywi, hapigi, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: akishalitamka jambo mbele za watu, hata likimwunguza halitemi. Alikuwa na shamba la mlimani, kavu kavu, lenye mihogo, na shamba la bondeni kando ya kijito. La bondeni lilikuwa urithi wa ukoo wake, lakini aliyelilima ni Nakiete. Miaka tisa alipanda mpunga pale, na nyumba ile haikujua kununua mchele.

Basi zikaanza kuja lori za machungwa. Watu wa vijiji vya jirani wakaezeka bati, na Mbelwa akawa hazungumzi kitu kingine. Akamwendea rafiki yake Kupaza, mtu waliyetahiriwa naye siku moja. Kupaza akamwambia anayo miche mia mbili ya michungwa ya mbegu bora, ameiotesha mwenyewe kwa mbegu alizozipata kwenye bustani ya misheni. Hataki fedha. Anataka lile shamba la bondeni. Mbelwa akaona ndugu amemkumbuka. Wakapeana mkono mbele ya mashahidi wawili, akarudi nyumbani akipiga mluzi.

Nakiete hakuulizwa. Alijua siku miche ilipofika, imefungwa mafungu mafungu kwa maganda ya migomba, na mumewe akamwambia ampigie hodi Mama Kupaza, mke wa rafiki yake, akamwonyeshe mipaka ya mpunga.

Nakiete aliinama kwenye fungu la kwanza, akachuma jani, akaligeuza. Akachuma la fungu la pili, na la tatu. Yote yalikuwa na moyo kwenye kikonyo. Aliposugua, ile harufu ikampanda.

"Baba Singano," alimwambia mumewe, "hii si michungwa. Ni midanzi."

Mbelwa alitazama nyuma yake kwanza, maana Kupaza na wale mashahidi wawili walikuwa bado uani wanakunywa maji. Walikuwa wamesikia. Kama wangekuwa peke yao wawili, pengine mambo yangekwenda njia nyingine. Lakini palikuwa na watu, na Mbelwa alikuwa keshajisifu kwao. Akacheka, akasema mkewe anasoma majani kama mganga asomavyo bao. Kupaza hakucheka. Alisimama, akajifuta mdomo, akasema ameitwa mwizi katika nyumba ya ndugu yake, na jambo hilo atalipeleka barazani.

Akalipeleka kweli. Mkubwa wa baraza alikuwa Mzee Semvua, mtu aliyeheshimiwa vilima vyote vile, wakati huo macho yake yakianza kuingia ukungu. Kupaza akalalamika. Mbelwa, alipoulizwa, akasema mkewe aliteleza ulimi. Nakiete alikwenda na tawi la mche mkononi. Alipoinuka na kuanza kusema, "Wazee wangu, lishikeni jani hili," Mzee Semvua alimkatiza. Alimwambia baraza haliamui kesi za majani, mtu hujulikana kwa neno lake na mti kwa tunda lake, na mke anayemwaibisha mumewe mbele ya rafiki yake afunge mdomo akae chini. Wakampa adhabu ya kuku mmoja na kumwomba radhi Kupaza papo hapo.

Nakiete aliomba radhi. Alisema, "Nimekosa, shemeji, unisamehe," na Kupaza akasema yamekwisha, huku akilitazama lile tawi alilolishika. Alilitazama mara moja tu, upesi, kisha akayahamisha macho. Nakiete aliliona jicho lile. Ndipo alipojua kwamba Kupaza hakukosea. Kupaza alijua.

Hasira ya mtu aliyedhulumiwa na asiyejua ina unafuu wake. Ile ya kudhulumiwa na anayejua, kisha wewe ndiye ukaomba radhi, hiyo haina pa kutua.

Waliipanda miche kule mlimani. Walichimba mashimo mia mbili, yeye na mumewe, wakang'oa mihogo, wakabeba maji kwa madebe kutoka kijitoni. Na njia ya kijitoni ilipita kando ya mpunga wake, ambamo sasa aliinama Mama Kupaza. Nakiete alisalimia kila alipopita. Mama Kupaza hakuwa na kosa.

Miche ilipofika unene wa kidole gumba, Nakiete alimwendea mumewe kwa upole. Alimweleza kwamba haijaharibika kitu. Mdanzi si adui. Shina lake ni gumu, linavumilia ugonjwa, na mafundi wenyewe hulitaka ili walibebeshe chungwa. Akipewa ruhusa, ataomba vijiti vyenye majicho kwa mjomba wake mwenye michungwa ya kweli, na kwa mwezi mmoja shamba zima litakuwa limegeuka. Hakuna atakayejua, hakuna atakayeaibika.

Mbelwa alikataa. Alisema watu wataona zile kamba za kufungia, watauliza, na yeye atajibu nini? Kwamba ndugu yake Kupaza amembebesha uongo? Alisema, "Miche hufanana, Mama Singano. Tungoje tunda."

Nakiete akangoja hadi Mbelwa alipokwenda Korogwe kwenye msiba wa shangazi yake. Siku nne alizokuwa hayupo, mchana kutwa, Nakiete alibebesha mistari mitatu. Mikono yake ilikumbuka kila kitu. Alikata ganda la shina kwa mkato wa herufi T, akaingiza jicho la mchungwa, akafunga kwa nyuzi za mgomba zilizolainishwa. Miche arobaini na mmoja. Jioni ya siku ya nne aliosha kisu cha baba yake, akahisi kwa mara ya kwanza tangu kesi ile kwamba pumzi inaingia mpaka chini.

Mbelwa alirudi, akaenda shambani, akarudi nyumbani. Asubuhi Nakiete alipopanda mlimani alikuta nyuzi zote zimekatwa zimetupwa chini, na yale majicho yamekauka juani kama kucha.

Hakulia. Alikaa kwenye tuta akayaokota moja moja, akayazika. Tangu siku hiyo hakusema tena habari ya midanzi. Alipalilia alipoambiwa palilia, alipogolea alipoambiwa pogolea. Lakini alikuwa hali mezani na mumewe, na Mbelwa akiuliza ana nini, humjibu kwamba hana kitu. Mwaka ukapita, na mwingine. Nyumba ikaanza kununua mchele. Kila masika miti ilichipua majani mapya, na kila jani lilikuwa na moyo wake kwenye kikonyo, na Nakiete alipita katikati yake na jembe begani akiwa ameuma meno. Majirani walisema amekuwa mkali. Walisema labda ni uzee unaanza.

Mwaka wa tano miti ikazaa. Ilizaa sana, kama midanzi izaavyo. Matawi yaliinama. Mbelwa akawaalika watu waje waone, akamwita na mnunuzi mmoja mwenye lori. Nakiete alikuwa amesimama ukingoni mwa shamba. Mnunuzi alichuma tunda, akaligeuza, akalikuna ganda kwa ukucha, uso ukabadilika. Akatoa kisu akalipasua. Lilikuwa limejaa kokwa, na katikati pana uwazi. Akaonja, akatema mbali. Akachuma la mti mwingine, na mwingine, akienda kwa hatua kubwa kutoka mstari hadi mstari, na kila mahali akatema. Mwisho alimwuliza Mbelwa kwa adabu kama ana shamba jingine. Lori likageuzwa, likaondoka tupu.

Watu walitawanyika, wengine wakifunika midomo kwa kanga. Mbelwa aliingia ndani, akatoka na panga. Njia aliyoishika ilikuwa ya kwa Kupaza.

Nakiete hakumshika mkono. Alimfuata kwa nyuma. Baadaye walipomwuliza kwa nini hakumzuia, alisema kweli: alitaka kwanza amwone mumewe akikasirika, maana hasira ile ya miaka mitano alikuwa ameibeba peke yake. Vijana waliokuwa wakichonga mpini njiani ndio waliomkamata Mbelwa, wakamnyang'anya panga, wakawapeleka wote barazani, yeye na Kupaza.

Mzee Semvua alikuwa bado ndiye mkubwa wa baraza. Sasa haoni kabisa. Alisikiliza kisa chote akiwa ameweka mikono juu ya fimbo yake. Kupaza alipopewa nafasi alisema kwa sauti ya huzuni. Alisema yeye naye ni mkulima tu, alipewa mbegu akazipanda, na miche ni kama watoto wachanga, nani awezaye kumtazama mtoto kitandani akajua atakuwa mtu wa namna gani? Alimpa ndugu yake kwa moyo safi. Mungu ndiye ajuaye. Wazee wakatikisa vichwa kwa masikitiko. Maneno yalikuwa yamekaa vizuri.

Kisha akaulizwa Mbelwa. Naye, badala ya kumpinga, alijifuta macho akasema, "Ni kweli, wazee. Mimi nimeumia, lakini hata mimi sikujua. Nani angejua?"

Hapo Nakiete akainuka. Hakuomba ruhusa. Alitoka barazani akaenda nyuma ya nyumba ya Mzee Semvua, mahali palipokuwa na miti yake ya matunda, kisha akapita na kwa jirani mwenye mdanzi wa dawa. Watu walidhani ameondoka kwa uchungu. Alirudi na majani manne. Alikwenda moja kwa moja kwa mzee, akapiga magoti, akamwekea la kwanza kiganjani.

"Mzee wangu, shikamoo. Hili ni jani gani?"

"Marahaba," alisema mzee, na bila kufikiri akalipitisha kati ya vidole. "Hili ni chenza."

Akampa la pili. "Chungwa," alisema mzee. Akampa la tatu. "Balungi. Hili ni la mti wangu, wa pale chooni."

Akampa la nne. Mzee alipapasa kikonyo. Alilisugua, akalileta puani, na mkono ukasimama hapo hapo.

"Hili ni danzi," alisema.

"Macho huna, mzee wangu," alisema Nakiete, "na umelijua kabla sijavuta pumzi mbili. Sasa mwulize Kupaza tena kama haiwezekani kujua."

Mzee Semvua akasema, kwa sauti ya chini, "Siku ile, mwanangu, mbona hukuniletea jani?"

"Nilikuletea. Nilikuwa nalo mkononi nimesimama hapa hapa. Uliniambia nifunge mdomo nikae chini." Akawageuzia uso wazee wote. "Nilisema siku ya kwanza, mkanitoza kuku. Nikasema nibebeshe, mume wangu akasema tungoje tunda. Nikabebesha, akayang'oa majicho kwa mkono wake. Miaka mitano nimepalilia uongo mnaoujua wote kwa vidole vyenu. Leo mnakaa hapa mnaulizana nani angejua. Jani lilisema. Lilisema tangu siku ile, ninyi mkangoja tunda."

Mbelwa alikuwa amekiinamisha kichwa mpaka kidevu kimegusa kifua. Mzee Semvua akamgeuzia uso Kupaza, akamwuliza mbegu alizitoa wapi, na akamwonya kwamba akitaja misheni watatuma mtu huko leo leo. Kupaza akaanza sentensi mbili asizozimaliza. Mwisho akakiri. Alizikusanya chini ya midanzi ya mwitu inayoota kando ya kijito, kwa kuwa alilitamani lile shamba la mpunga tangu ujana wake na alijua Mbelwa hapimi anapotamani kitu.

Wazee waliamua shamba la bondeni lirudi. Na walipotaka kulirudisha kwa Mbelwa, Mzee Semvua alikataa. Alisema aliyelilima miaka tisa na aliyelipoteza bila kuulizwa ni mmoja, basi na arudishiwe yeye, na mashahidi waandike jina lake. Kisha mzee yule, ambaye vilima vyote vilimpigia magoti, alimwomba Nakiete radhi kwa maneno yale yale aliyomlazimisha kumwambia Kupaza. Nakiete aliitikia, lakini hakusema yamekwisha.

Walipofika nyumbani Mbelwa alimwomba jambo moja. Alimwomba aiponye ile miti. Nakiete alimjibu kwamba kisu anacho na vijiti anajua pa kuvipata, ila hatagusa hata mti mmoja mpaka Mbelwa mwenyewe aseme hadharani alichokifanya, si alichofanyiwa. Mbelwa alikaa nalo jambo hilo wiki tatu. Alikonda. Siku ya gulio, watu walipojaa, alisimama karibu na wauza chumvi akasema mbele yao wote kwamba mkewe alimwambia mapema, kwamba alimsikia na akamwelewa, na kwamba alichagua kumwaibisha yeye kuliko kuaibika mwenyewe. Wengine wanasema alilia. Wengine wanasema hakulia, ila baada ya kusema alikaa chini kwenye vumbi kama mtu aliyetua mzigo mzito.

Kesho yake Nakiete alipanda mlimani. Miti mia mbili ilikatwa vichwa, mmoja baada ya mwingine, ikaachwa ichipue upya, na machipukizi yakabebeshwa majicho ya mchungwa wa mjomba. Mara hii Mbelwa ndiye aliyeshika nyuzi. Msimu wa tatu baada ya hapo walichuma machungwa matamu, na lori lile lile likaja likajaa.

Mtaniuliza kama alimsamehe. Waliishi pamoja hadi uzeeni, na aliyetangulia alizikwa vizuri na mwenzake. Lakini waliomjua Nakiete wanasema kila alipohesabu umri wa miti ile alihesabu na ile miaka mitano, na hakuruhusu mtu aiite miaka ya kungoja. Alisema haikuwa ya kungoja. Ilikuwa ya kuibiwa, na aliyeiba si Kupaza peke yake.

Basi ndiyo maana tangu wakati huo, katika vilima vile, mtu akija barazani na machozi, akasema hakujua, hakuambiwa, nani angejua, wazee hawaanzi na pole. Humwuliza kwanza nani alimwonya, na alimfanya nini huyo aliyemwonya. Yule kijana wa leo alionywa na dada yake mbele yenu, mkasikia, naye akamwambia ana wivu. Sasa amekuja na danzi mdomoni. Bi Mwajabu hakuwa na neno jingine la kumpa: jani limesema, wewe wangoja tunda.